Siku Mama Alipokalia Kiti cha Kapteni

Mume wangu alirudi kutoka Nairobi siku ya Alhamisi, mchana, sanduku mkononi, na hali alitakiwa arudi baada ya miezi mitatu. Nilikuwa nimekaa uani napepeta mchele. Niliona viatu kwanza, vile vyeusi nilivyompigia rangi mwenyewe wiki mbili nyuma, nikajua. Alikaa kwenye kigoda, akafungua kamba za viatu polepole, akasema, "Wamenirudisha." Basi, hilo tu. Nilimpa maji akanywa, akanirudishia gilasi kwa mikono miwili, akasema ahsante. Huyo ndiye mume wangu. Nyumba ikishika moto, atakuomba radhi kwanza kabla hajakwambia utoke.

Nieleze alikotoka, maana bila hayo mtamwona mjinga, na ujinga hana. Ni mtoto wa wakulima wa Adu. Alianza kwenye uwanja wa ndege wa Malindi, akipakia mizigo ya watalii, na mwenye kampuni moja ya ndege ndogo akamwona anavyopenda kusimama karibu na mafundi, akamsomesha. Tulipooana, mwanzo mwanzo wa miaka ya themanini, alikuwa tayari anarusha ndege za watu watano, Lamu na mbugani, asubuhi kwenda na jioni kurudi. Kisha shirika kubwa la Nairobi likamkubali katika darasa la marubani wapya wa jeti. Tulichinja mbuzi! Akaacha kazi ya ndege ndogo, na kiti chake kikapata mtu mwingine wiki ile ile. Nyumba tuliyokaa ilikuwa ya kampuni, nayo tukaiacha, tukahamia kwa mama yangu Shela, mtaa wa hapo hapo Malindi, mimi na mimba ya miezi minne. Kwa hiyo aliporudi na lile sanduku hakuwa na kazi ya kurudia wala nyumba yake mwenyewe.

Alikuwa ameanguka mtihani wa siku ya kumi, ule wa kukaa na mtahini ndani ya chumba cha marubani cha kuigiza, cha mbao, unaulizwa huku unatenda. Barua aliyokuja nayo ilisema wangempokea tena na darasa lijalo, baada ya wiki sita, na kwamba hiyo ingekuwa mara ya mwisho. Akianguka tena, ni jembe la Adu. Silidharau jembe, baba mkwe wangu amelea watoto tisa kwa jembe hilo. Lakini mimi nilikuwa nimeuona uso wa mume wangu akishuka kwenye ndege, na sasa nilikuwa nimeuona uso wake pale uani, na huo wa pili sikutaka kuishi nao.

Mimi nina hasira za karibu, Shela nzima wanalijua hilo. Niliamua moyoni kwamba hakusoma. Nikasema, haya, atasoma mbele yangu.

Shirika lilikuwa limempa kitabu kinene cha ndege ile, na pamoja nacho picha ya chumba cha marubani iliyochapwa kwa ukubwa wake hasa, karatasi sita za kukunjua: saa zote, taa zote, swichi zote mahali pake. Rubani mpya huibandika ukutani, akakaa mbele yake, akaizoeza mikono kujua kila kitu kilipo kabla hajakaribishwa kwenye ndege ya kweli. Tukaibandika kwenye ukuta wa chumba cha wageni cha mama, kwa uji wa unga wa ngano. Ile mikono miwili ya katikati, ya kuongeza na kupunguza nguvu za injini, haikufaa kuwa karatasi, mtu lazima ashike kitu. Nikatoa miko miwili jikoni nikaisimamisha kwenye debe la mchanga. Mwiko wa kushoto ni injini ya kushoto, wa kulia ni injini ya kulia. Kisha nikakata maboksi ya mashati nikatengeneza kadi, swali upande huu, jibu upande wa pili, kadi mia na zaidi. Vidole viliniuma kwa mkasi.

Na akajibu! Hapo ndipo nilipochanganyikiwa. Alijibu kwa sauti ya chini kama kawaida yake, lakini alijibu zote. Joto la mwisho la injini, mwendo wa kukunja magurudumu, kiasi cha upepo wa pembeni ambacho ndege ile inavumilia wakati wa kutua. Nikimuuliza injini ikishika moto afanye nini, mikono inakwenda yenyewe huku mdomo unataja kwa Kiingereza: rudisha nguvu za injini hiyo, kata mafuta, vuta mpini wa moto, taa isipozimika zungusha mpini huo. Hakukosa neno.

"Sasa uliangukaje, bwana wee?"

"Nilinyamaza."

"Ulinyamaza kwa nini?"

"Nilinyamaza tu."

Nilimtupia kadi zote. Akaziokota moja moja, akazipanga kwa namba, akanirudishia.

Jibu lilikuja na sisimizi. Ule uji wa ngano ukutani waliupenda, na kufikia siku ya sita walikuwa wamejipanga mstari kutoka dirishani mpaka kwenye mito ya wageni ya mama. Mama yangu alikuwa akisomesha watoto Kurani, chuo chake mwenyewe, kwa miaka thelathini, na sauti yake ilisikika mtaa wa pili. Alirudi adhuhuri akakuta msafara huo. Mimi nilikuwa jikoni nakuna nazi.

"Nani kabandika madude haya ukutani kwangu?" Kimya. "Nakuuliza wewe! Nani kakupa ruhusa?"

Ruhusa nilimpa mimi! Nilingoja aseme hivyo, neno moja tu, yaishe. Nilichungulia mlangoni. Mume wangu alikuwa amesimama, macho sakafuni, mikono nyuma.

"Huna mdomo?" mama akasema. Kimya vilevile. Na yeye mama alivyozidi kufoka, ndivyo yule alivyozidi kuinamisha kichwa, mpaka likanijia lile neno lake, nilinyamaza. Nikaacha nazi yangu, nikamvuta mume wangu mpaka uani.

"Yule mtahini wako, alikugombeza?"

"Ndiyo."

"Ni mtu mzima?"

"Ana mvi kichwa kizima."

Na hapo, kidogo kidogo, ikatoka hadithi ambayo alikuwa ameificha wiki nzima. Yule mtahini alikuwa kapteni mzee. Aliwasha taa ya moto ya injini ya kulia, akaanza kufoka, upesi, unangoja nini, na huku yeye mwenyewe ameshika mkono wa injini ya kushoto anaurudisha. Yaani anaizima injini iliyo nzima, anaiacha inayoungua.

"Niliona," mume wangu akasema. "Niliona kuwa ameshika sio."

"Ukasemaje?"

"Ningesema nini? Mtu mzima, kapteni, na anagomba. Nilidhani labda ana sababu zake."

Yule mzee aliuachia ule mkono, akavua miwani, akamwambia kwamba hawezi kuruka na mtu atakayekaa kando yake kumtazama akiua abiria.

Nilitaka kupiga kelele, lakini ukweli ni kwamba nilipumua. Wiki nzima nilikuwa nikiogopa kwamba nimeolewa na mtu ambaye kazi imemshinda. Kumbe kazi aliijua yote. Kilichomwangusha kilikuwa kitu kile kile kilichofanya tumpende. Nimekaa kwao Adu mwezi mzima baada ya harusi, nimeona: mkubwa akigomba, mdogo hutazama chini, na kumkosoa mkubwa hata hakufikiriki. Alinisimulia siku hiyo kwamba alipokuwa na miaka kumi alimwambia baba yake, mbele ya wageni, kwamba njia ya Marafa anayowaelekeza siyo. Na kweli haikuwa. Baba yake hakumpiga. Hakusema naye tu, mpaka mvua za masika zikaisha. Na sisi watu wa mjini tusijifanye tofauti. Alipokuja kuniposa, mama alimsifu kwa jambo moja, kwamba kijana ana haya. Sasa haya hizo nitazitibu kwa kadi gani?

Nikaingia ndani. "Mama, nataka umgombeze mume wangu."

"Nimeshamgombeza."

"Kila siku, baada ya swala ya alasiri. Mpaka akujibu."

Mama akaniuliza kama mimba imenipanda kichwani. Nikamweleza yote, mtahini, injini, mvi. Alisikiliza huku anawapukuta sisimizi kwenye mto. Mwisho akauliza, "Ndege hiyo inachukua watu wangapi?"

"Mia moja na kitu."

"Lahaula," mama akasema. Akauweka mto chini. "Hebu nionyeshe huo mkono wenyewe."

Mama hakujua kusoma herufi za Kizungu. Alisoma na kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama wanawake wengi wa umri wake pale kwetu. Basi nikaziandika kadi upya kwa herufi hizo, hata majibu ya Kiingereza, matamshi yake tu, na mama akayasoma kwa mahadhi ya chuoni, bila kuelewa hata moja. Lakini ruka neno uone! "Umeruka. Rudi." Miaka thelathini ya kuwakamata watoto wanaoruka aya haikumpotea. Siku ya pili alikuwa ameanza kusema kwamba kumbe ndege nazo zina nyiradi zake.

Alikaa kushoto, mahali pa kapteni, fimbo yake ya henzerani mapajani. Mume wangu akakaa kulia, mahali pa rubani msaidizi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Moto, injini ya kulia! Unangoja nini, wee? Upesi! Umelala?" Na mkono wake unaukamata mwiko wa kushoto na kuuvuta.

Siku ya kwanza, kimya. Siku ya pili, kimya na jasho. Siku ya nne alifungua mdomo, nikashika mlango kwa furaha, akasema, "Mama, samahani sana, kama itawezekana, naona labda..." Alipofika kwenye labda, mama alikuwa ameshaung'oa mwiko kwenye debe na mchanga umemwagika sakafuni.

"Basi tumekufa," mama akasema. Hakufoka safari hii, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mimi nimekufa, mkeo amekufa, na kilicho tumboni mwake kimekufa, kwa sababu wewe una adabu." Akainuka, akaenda zake.

Nikaingia nikakaa kwenye kiti cha mama. Mume wangu alikuwa akiitazama ile taa ya karatasi.

"Kwako wewe ni rahisi," akaniambia. "Wewe hujapata kunyamaza tangu uzaliwe."

"Ni kweli," nikasema, na tukacheka, halafu nikaona kwamba yeye hacheki tena, analia. Sikuwahi kumwona akilia. Nilimwambia wazi kwamba naogopa. Akasema na yeye anaogopa, lakini si jembe analoliogopa. Anaogopa kwamba siku moja itakuwa ndege ya kweli, na ataona, na atanyamaza. Alikuwa amerusha watalii miaka mitatu akiwa peke yake mbele, hana wa kumheshimu ila mawingu, na hakujua kwamba ana ugonjwa huo. Tulikaa pale mpaka adhana ya magharibi.

Wiki mbili zilipita hivyo. Aliendelea mbele kidogo, akarudi nyuma. Aliweza kumjibu mama maswali ya kadi kwa sauti, akimtazama usoni, hata mama alipogonga fimbo na kumwita mvivu. Kujibu aliweza. Kumkatalia hakuweza. Mama akishika mwiko usio wenyewe, mkono wa mume wangu uliinuka nusu, ukaning'inia, ukashuka. Nilianza kuota huo mkono.

Ikafika siku moja ya wiki ya nne, mama ana mafua, hana hamu. Nilidhani hataketi. Akaketi, akapenga kamasi, akasoma kadi tatu nne kwa sauti iliyokauka, mume wangu anajibu. Hakufoka hata kidogo. Kisha akasema kwa upole kabisa, kama anayeagiza chai, "Moto, injini ya kulia, mwanangu," na mkono wake ukaenda kwenye mwiko wa kushoto.

Mume wangu aliudaka mkono ule hewani. Kifundo cha mkono cha mama mkwe wake! Aliudaka akaubana kwenye ukingo wa debe.

"La, mama! Siyo huo! Wa kulia!"

Majirani waliokuwa wakipita nje walisikia, mmoja akabisha hodi kuuliza kuna nini. Mama aliutazama mkono wake uliobanwa. Mume wangu naye akautazama, akauachia, na rangi ikamtoka.

"Mama, niwie radhi, mimi..."

"Ukiniomba radhi nakupiga na mwiko huu," mama akasema. "Tena. Toka mwanzo."

Nilikwenda jikoni nikashika ukuta, nikacheka peke yangu mpaka mtoto akanipiga teke.

Toka siku hiyo mama alinogewa. Alimvizia. Wakati wa chakula anakatiza mazungumzo, "Moto, kushoto!" na mkono wake unaruka kwenye kijiko kilicho upande wa kulia, na mume wangu anaudaka huku mdomo umejaa wali. Alimvizia wakati wa kufunga mlango, wakati wa kumwagilia asumini. Mara moja alimdanganya kwa makusudi na mume wangu akakosea yeye, akaudaka mkono uliokuwa sawa, na mama akamgomba kweli kweli, kwamba kumkatalia mkubwa hovyo nako ni kuua watu, atazame taa kwanza, ahakikishe, ndipo adake. Nilimsikia mume wangu akisema, "Umesema kweli, mama," na nikajua sasa anaweza kuchagua lini aseme hivyo.

Wiki sita zikaisha. Aliondoka na sanduku lile lile. Nilimwandalia mikate ya sinia, nikampigia rangi viatu, na hatukusema sana. Mama alimsomea, akampulizia kichwani, akamwambia tu, "Mzee yule ni mtu kama mimi." Kisha tukabaki sisi wawili na ule ukuta wa karatasi, na kila mmoja anajifanya hahesabu siku.

Tulikuwa tumepatana kwamba siku ya mtihani angepiga simu saa kumi jioni kwenye duka la vitambaa la jirani, maana nyumbani simu hatukuwa nayo. Nilikuwa pale tangu saa nane. Mwenye duka alinipa kiti, nikakikataa, nikatembea kati ya majora ya vitambaa nikiwa na tumbo langu mbele, wanunuzi wananipisha. Saa kumi ikafika, ikapita. Saa kumi na nusu nikamwambia mwenye duka simu yake mbovu. Akainua, akanisikilizisha mlio, haikuwa mbovu. Nilianza kuipanga hotuba ya kumpa moyo, kwamba Adu pia ni nyumbani, kwamba mihogo haina ubaya, na maneno yote yalikuwa ya uongo.

Ikalia. Nikamnyang'anya mwenye duka.

"Nimemshika mkono!"

Ndiyo maneno yake ya kwanza, bila salamu, na kwa sauti ambayo sikuijua. Mume wangu ambaye huomba chumvi kwa kunong'ona.

"Nani? Mkono gani?"

"Kapteni! Alishika wa kushoto, nikamshika mkono, nikamwambia hapana! Mbele ya wenzangu wote! Alijaribu kuuvuta, sikumwachia! Nimepita! Unasikia? Nimepita!"

"Na yeye akasemaje?"

"Akaniambia ahsante!"

Nilikaa chini pale pale sakafuni, tumbo na yote, waya wa simu umenivuta sikio, na machozi yakanitoka kama mtu aliyefungua bomba. Dukani watu wote walikuwa wakimsikiliza mume wangu, maana kipokezi hakikuweza kuizuia sauti ile. Alikuwa bado anasema, anaelezea taa, anaelezea yule mzee, hapumziki.

"Usinipigie kelele," nikamwambia, nalia.

"Nitapiga!" akasema.